Maisha ya Flo Hyman, Binti Mrefu wa Voliboli

Ukitaja maisha ya watu mashuhuri, wengi wetu hukimbilia Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi, Shaaban Robert, au shujaa wetu wa Taita, Mwangeka. Si vibaya. Lakini mimi nimeamua kuvuka bahari na kuwaletea maisha ya mwanamke aliyeitwa Flora Jean Hyman, ambaye wapenzi wote wa voliboli duniani humwita Flo Hyman. Alifariki mwaka 1986, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Mbona basi nihangaike naye? Subirini kidogo, manake haraka haraka haina baraka.

Kwanza niwaeleze mimi ni nani. Ni msichana wa kidato cha tatu, miaka 16, na urefu wangu ni mita 1.81. Hapa Voi tumepakana na mbuga ya Tsavo, kwa hivyo hamtashangaa mkisikia kwamba jina langu la utani ni Twiga. Nikipita stendi asubuhi nikielekea shule, makanga huniuliza hali ya hewa huko juu ikoje. Darasani nakaa nyuma kabisa nisije nikawazibia wenzangu ubao. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilianza kutembea nimejikunja mgongo na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeangusha shilingi akawa anaitafuta. Mwalimu wetu wa michezo aliponiona hivyo aliniita kando akanisimulia habari za Flo Hyman. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta binti huyo kila ninapopata cha kusoma.

Flo alizaliwa tarehe 31 Julai 1954 na kulelewa mjini Inglewood, karibu na Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa pili katika familia ya watoto wanane. Baba yake alifanya kazi ya usafi katika reli na mama yake alikuwa na mkahawa. Hapo mtu wa Voi atajihisi yuko nyumbani! Mji wetu nao umelelewa na reli, na hapa ndipo njia ya Taveta inapoachana na ile kuu ya Mombasa na Nairobi. Marehemu babu yangu alifagia stesheni hii kwa miaka mingi, na bibi bado anaihifadhi filimbi yake sandukuni. Kwa hivyo niliposoma kwamba baba yake Flo alikuwa mtu wa ufagio na reli, nilimwona kama jamaa yangu.

Wazazi wake wote wawili walikuwa warefu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Flo alipofika umri wa miaka 12 alikuwa na futi sita, yaani karibu mita 1.83. Alipofika miaka 17 alikuwa amefika mita 1.96. Hebu simama karibu na mlango wa darasa letu ufikirie urefu huo. Watoto wenzake walimcheka, naye akaona haya. Akawa anajikunja ili afanane na wengine. Kumbe hata yeye! Lakini jamaa na marafiki zake hawakumwacha ajikunje maisha yake yote. Walimtia moyo aukubali urefu wake na autumie. Basi taratibu Flo akaanza kunyoosha mgongo.

Mchezo uliomnyoosha ni voliboli. Pengine si wote mnaojua chanzo cha mchezo huu. Ulibuniwa mwaka 1895 na Mmarekani mmoja, William Morgan, mwalimu wa mazoezi katika mji wa Holyoke, jimbo la Massachusetts. Uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na wavu wa wanawake huwekwa kwenye kimo cha mita 2.24. Mashindano ya dunia ya wanawake yalianza mwaka 1952 mjini Moscow, na mwaka 1964 voliboli ikaingia katika Olimpiki ya Tokyo, wanaume kwa wanawake. Mwaka huo wanawake wa Japani ndio waliotwaa dhahabu. Flo alikuwa msichana wa miaka 10 tu.

Alianza kucheza pamoja na dada yake mkubwa kwenye mchanga wa ufuo wa California, wawili kwa wawili. Alisoma katika shule ya sekondari ya Morningside, kisha akaenda chuo cha El Camino kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Houston, jimbo la Texas, akawa mwanamichezo wa kwanza wa kike kulipiwa masomo na chuo hicho kwa sababu ya mchezo. Jambo hili halikuja kwa bahati nasibu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuwabagua wanafunzi kwa jinsia. Kabla ya hapo wavulana ndio waliolipiwa karo kwa sababu ya mpira, na wasichana wakaambiwa washangilie. Sheria ilifungua mlango, na Flo alikuwa miongoni mwa walioingia mapema.

Hata hivyo, hakumaliza shahada yake. Aliacha chuo ili aitumikie timu ya taifa, kwa sababu aliona kwamba vitabu vinaweza kumngojea lakini miguu haingoji. Enyi wenzangu wa kidato cha tatu, msije mkaniambia nimewashauri muache shule! Nasimulia tu yaliyotokea.

Aliingia timu ya taifa katikati ya miaka ya sabini. Wakati huo timu hiyo haikuwa lolote wala chochote duniani. Ilikaa miezi kadhaa bila kocha, mpaka mwaka 1975 alipopatikana Arie Selinger, aliyetoka Israeli. Selinger alikuwa mkali si mchezo. Wasichana walifanya mazoezi kutwa, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, kwa muda mrefu wakiishi pamoja mbali na nyumbani. Hakutaka mchezaji mrefu asimame wavuni kama mlingoti akingoja kupiga tu. Alitaka kila mmoja ajue kujirusha sakafuni kuokoa mpira. Kwa mtu wa mita 1.96 sakafu iko mbali sana, mimi nawaambia kwa sababu naijua safari hiyo. Kwetu hakuna hata sakafu, ni udongo mwekundu na vijiwe, na magoti yangu yana alama mpaka leo.

Mwaka 1976 Marekani haikufuzu kwenda Olimpiki ya Montreal. Flo na wenzake hawakukata tamaa. Mwaka 1978, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Urusi ya Kisovieti, walimaliza wa tano. Wakafuzu kwenda Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Watu wakaanza kusema kwamba timu hii inaweza hata kurudi na medali. Kisha siasa ikaingia. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameivamia Afghanistan mwezi wa Desemba 1979, na serikali ya Marekani ikaamua kususia michezo hiyo. Wachezaji hawakuulizwa. Miaka mitano ya jasho ikafungiwa kabatini.

Hapa tena nataka Mkenya mwenzangu asidhani kwamba mambo hayo ni ya Wamarekani peke yao. Kenya pia ilisusia Moscow mwaka huo wa 1980. Isitoshe, tulikuwa tumesusia Montreal mwaka 1976, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Kuna wanariadha wetu waliokuwa katika kilele cha nguvu zao miaka ile, na nafasi ile haikuwarudia tena. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi.

Flo angeweza kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka 26, umri ambao watu wengi wangemwambia atafute kazi ya maana na aolewe. Badala yake yeye na wenzake wengi walikubaliana kukaa pamoja miaka minne mingine. Mwaka 1981 alichaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa Kombe la Dunia nchini Japani. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia nchini Peru, Marekani ilipata medali ya shaba, nyuma ya China na wenyeji Peru. Akipaa kupiga mpira, walioko upande wa pili waliona kivuli kwanza, kisha wakasikia kishindo.

Hatimaye ukafika mwaka 1984, na Olimpiki ikaja Los Angeles, karibu kabisa na nyumbani kwao Flo. Safari hii Urusi na rafiki zake, kama Cuba na Ujerumani Mashariki, ndio waliosusia. Flo alikuwa na miaka 30. Katika mechi za makundi Marekani iliishinda China seti 3 kwa 1. Katika nusu fainali waliwafunga Peru seti 3 kwa 0. Tarehe 7 Agosti walikutana na China tena, sasa katika fainali, mjini Long Beach.

Siku hizo timu ilipata pointi tu ikiwa ndiyo iliyoanzisha mpira, na seti iliishia pointi 15. Utaratibu wa leo, wa kila mpira kuwa pointi mpaka 25, ulikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Seti ya kwanza ilikuwa ya kukaba koo. China walishinda kwa 16 kwa 14. Baada ya hapo ni kama kamba ilikatika. China wakashinda ya pili kwa 15 kwa 3, na ya tatu kwa 15 kwa 9. Dhahabu ikaenda Beijing pamoja na mpigaji wao hodari Lang Ping. Flo na wenzake wakavishwa fedha. Miaka karibu kumi ya kazi, na ukawa umebaki upana wa mechi moja. Lakini ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo voliboli ya wanawake wa Marekani iliwahi kupata. Mwenye kukumbuka walikotoka, timu isiyo na kocha, hawezi kuidharau.

Nami nikiisoma fainali ile huwa nawafikiria dada zetu wa Malkia Strikers. Kenya ilitwaa ubingwa wa wanawake wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na waliposhinda mjini Yaoundé, Cameroon, mwaka 2023, taji hilo lilikuwa la kumi. Wamecheza Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Paris mwaka 2024. Medali ya Olimpiki bado hatujaipata, na kila mara kuna watu hapa mtaani wanaouliza wanaenda kufanya nini huko. Mimi huwajibu kwamba kabla ya 1984 kulikuwa na 1976. Mti huanza kama uchipuzi.

Baada ya Olimpiki Flo hakukaa kimya. Mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imeidhoofisha ile sheria ya mwaka 1972 iliyomfungulia mlango. Yeye, aliyekuwa msichana wa kujikunja mgongo, alisafiri hadi Washington akazungumza mbele ya wabunge akitetea sheria hiyo irudishiwe nguvu, akiwa pamoja na watu mashuhuri kama Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King. Sheria ya kuirekebisha ilipita mwaka 1988. Flo hakuiona.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Flo alikuwa amekwenda Japani kucheza voliboli ya kulipwa, katika timu ya kampuni ya maduka ya Daiei. Wajapani walimpenda sana, na nia yake ilikuwa kurudi kwao mwaka huohuo wa 1986. Tarehe 24 Januari 1986, timu yake ilikuwa ikicheza na Hitachi katika mji wa Matsue. Katikati ya mchezo alitolewa nje kama kawaida ili mwenzake aingie. Akakaa kwenye benchi akiwashangilia wenzake. Punde akateleza kutoka kwenye benchi akaanguka sakafuni. Jioni hiyo akawa ametuaga. Alikuwa na miaka 31.

Mwanzoni ilisemekana kwamba ni moyo umesimama tu, basi. Lakini familia yake haikutosheka. Mwili uliporudishwa California waliomba uchunguzwe. Madaktari wakagundua kwamba mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni ulikuwa umepasuka, palipokuwa na sehemu dhaifu ndogo kama sarafu. Sababu ni ugonjwa uitwao Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896. Mtu huzaliwa nao. Nyuzi zinazoshikilia viungo vya mwili huwa dhaifu, kwa hivyo mwili hurefuka, mikono na vidole huwa virefu mno, macho mara nyingi hayaoni mbali, kifua huweza kubonyea ndani au kutokeza nje, na mshipa ule wa moyoni hupanuka polepole bila maumivu mpaka siku unapopasuka. Yaani urefu uleule uliompa Flo medali ulikuwa pia dalili. Alibeba jambo hilo katika kila mruko, na hakuna aliyemwambia.

Mpenzi msomaji, sasa nitakueleza kwa nini nilimchagua Flo. Nilikuwa na mjomba, ndugu ya mama, ambaye urefu wangu nimeurithi kwake. Alifanya kazi katika shamba la mkonge. Mikono yake ilikuwa mirefu hivi kwamba akisimama tulimtania kuwa anaweza kufunga viatu bila kuinama. Siku moja, nilipokuwa darasa la tano, alikuwa akipakia mkonge kwenye tela, akashika kifua, akakaa chini, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 34 na hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja. Alizikwa kule kwao, chini ya mlima Sagalla, bila kuchunguzwa.

Mnajua watu wetu. Hata matanga hayajaisha, watu wakaanza kusema kwamba mtu mzima mwenye nguvu hafi vile bure. Ikakumbukwa kwamba mjomba aliwahi kugombana na bibi mmoja jirani juu ya mpaka wa shamba. Basi lawama ikamwangukia huyo bibi. Vijana wakataka kuichoma nyumba yake; wazee wakawazuia. Hakuchomewa, lakini tangu siku ile hakuna aliyemsalimu. Akipita kisimani watu walitoka. Mama yangu, ambaye alichezea uani kwa bibi huyo utotoni, alikuwa akivuka njia asikutane naye. Mimi pia nilivuka. Nasema hili kwa aibu.

Sasa fikirieni nilivyokuwa nilipofika mahali mwalimu aliponieleza Flo alivyokufa. Nilisahau kabisa habari za mgongo. Nilimwona mjomba kwenye tela. Nikamwuliza mwalimu maswali mengi hata akashangaa. Kisha nikaenda nyumbani nikamsimulia mama yote, kuanzia Inglewood mpaka Matsue. Kuna jambo moja ambalo ndilo lililomgusa zaidi. Baada ya Flo kufa, ndugu zake walipimwa, na kaka yake mmoja akakutwa na ugonjwa huohuo. Alifanyiwa upasuaji wa moyo akaokolewa. Kama familia ile ingesema ni kudra tu, au ingemtafuta mtu wa kumlaumu, wangezika wawili.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akamtazama mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 13, aliyekuwa akinywa chai. Yeye ana vidole virefu kuliko vyangu, na ubaoni haoni bila kukaa dawati la mbele.

Haikuwa rahisi. Nauli na karo ziligombana. Lakini mama aliuza mbuzi wawili akatupeleka hospitali sote wawili. Daktari alitupima urefu, akatupima mikono kutoka ncha hadi ncha, maana kwa watu wengi mikono iliyotandazwa hulingana na urefu wa mwili, na ikizidi sana huwa ni dalili. Akatuambia tukunje kidole gumba ndani ya ngumi aone kama kinatokeza upande wa pili. Akatusikiliza kifua. Kisha akatuandikia twende Mombasa tukapigwe picha ya moyo, ile inayotumia mawimbi ya sauti na haina uchungu wowote. Alitueleza kwamba Marfan humpata kama mtu mmoja kati ya watu 5,000, na kwamba mzazi aliye nao anaweza kumpitishia kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Ukijulikana mapema kuna dawa za kupunguza nguvu ya damu ukutani mwa mshipa, kuna michezo ya kuacha na ya kuendelea nayo, na ikibidi kuna upasuaji.

Fedha zilitosha mtu mmoja kwanza, nikatangulia mimi kwa sababu ya michezo ya shule. Moyo wangu ni mzima na mshipa una upana wa kawaida. Ni mrefu tu, basi! Nimeambiwa nirudi baada ya mwaka kwa kuwa bado nakua. Mdogo wangu ameandikiwa likizo ijayo. Daktari alisikia mlio asioupenda kifuani mwake, kwa hivyo amekatazwa mpira wa miguu mpaka picha ipatikane. Amenikasirikia. Anasema mimi na Mmarekani wangu ndio tuliomnyang'anya mpira. Jumamosi huja kutuhesabia pointi kando ya uwanja, uso umekunjwa. Mimi namwambia akasirike tu, almuradi yupo.

Kuhusu mjomba, sitadanganya. Hakuna anayejua kilichomuua, na kaburi halijibu. Pengine ni Marfan, pengine ni jambo lingine la moyo. Ila najua kwamba kifo cha ghafla kinaweza kutoka ndani ya mwili wenyewe bila jirani kunyoosha mkono. Mama naye ameona hivyo. Mwezi wa Aprili tulipokwenda Sagalla hakuvuka njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa yule bibi, akapiga hodi, akamwamkia shikamoo. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akaitikia marahaba, akaingia ndani akatuletea kigoda kimoja, maana ndicho alichokuwa nacho. Mama akakaa. Mimi nilisimama, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya kusimama wima.

Marekani haijamsahau Flo. Tangu mwaka 1987 huadhimishwa siku ya wasichana na wanawake katika michezo, iliyoanzishwa kwa kumbukumbu yake, na mwaka 1988 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la voliboli kule Holyoke ulikozaliwa mchezo. Amezikwa Inglewood, mji alikocheza utotoni.

Wenzangu wa chama cha Kiswahili, nisiwachoshe. Kwa walio warefu nasema nyosheni migongo, njooni uwanjani, timu yetu ina nafasi mbili. Kwa wote nasema ukiwa na jamaa aliyekufa ghafla akiwa kijana, usitafute mchawi. Tafuta daktari, na uwapeleke ndugu zake waliobaki. Na ukiwa na jirani mliyeacha kumsalimu kwa sababu ya kifo kisichochunguzwa, hujachelewa. Kawia ufike.

Mola amlaze Flo mahali pema, pamoja na mjomba wangu. Na mdogo wangu nikimwombea dua njema, naomba nanyi mniitikie amina.